Mashindano ya Wanawake katika Njia ya Mawe

Fungueni madaftari yenu. Somo la leo ni juu ya mashindano ya baisikeli ya siku moja. Wanaoshindana ni wanawake ambao kupanda baisikeli ndiyo kazi yao ya mshahara.

Kaskazini ya Ufaransa kuna mji uitwao Roubaix. Wanaume walianza kushindana kwa baisikeli kuuendea mji huo mwaka 1896. Wanawake walipata mashindano yao ya kwanza huko Jumamosi, tarehe 2 Oktoba, 2021. Hesabuni: walingoja miaka 125.

Njia yao ilianza katika mji wa Denain, nayo ilikuwa na urefu wa kilomita 116. Kilomita 29 katika hizo zilikuwa za mawe. Hizo ni barabara za zamani za mashambani, zilizotandikwa mawe ya kuchongwa. Mawe hayo hayalingani: moja limeinuka, jingine limezama. Baisikeli hurukaruka, na mikono hufa ganzi. Siku ile mawe yalikuwa yamelowa na kujaa tope. Wanawake wengi walianguka.

Sasa tueleze mashindano ya namna hii yanavyokwenda. Yako mashindano ya siku nyingi, ambayo ukichelewa leo waweza kufidia kesho. Ya siku moja hayana kesho. Atakayefika kwanza jioni ile ndiye mshindi.

Tena, hakuna anayeshindana peke yake. Kila timu ilikuwa na wanawake 6. Kwa nini? Wewe uliyepata kupanda baisikeli wajua ubishi wa upepo. Anayetangulia huukata upepo kwa kifua chake, na anayemfuata karibu hupata nafuu. Kwa hiyo wenzake humkinga yule waliyemchagua ashinde, ili nguvu zake zibaki mpaka mwisho.

Lizzie Deignan wa Uingereza alikuwa mmoja wa wakingaji hao. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele penye mawe ya kwanza, awasaidie wenzake. Alipotazama nyuma aliona amewaacha wote. Zilikuwa zimebaki kilomita kama 82. Akaendelea peke yake.

Labda mtauliza: mbona kundi zima halikumkamata mtu mmoja? Kwanza, kwenye mawe kundi hukatika vipande, na kila mtu hutafuta njia yake. Pili, wenzake wa timu walikuwa nyuma. Wao hawakuwa na haja ya kumfukuza, basi mzigo wa kumfukuza uliwaangukia wengine. Marianne Vos wa Uholanzi alijitahidi sana, lakini alifika dakika 1 na sekunde 17 baada yake.

Deignan hakuvaa glavu. Alipofika, usukani wake ulikuwa na damu ya viganja vyake. Akapewa kikombe cha mashindano hayo, ambacho si kikombe hasa, bali ni jiwe la njia ile ile.

Sasa sikilizeni habari ya fedha. Zawadi yake ilikuwa euro 1,535. Kesho yake wanaume walishindana, na mshindi wao akapata euro 30,000. Mtu atasema, wanaume walikwenda mbali zaidi. Ni kweli, walikwenda kilomita 257, yaani zaidi kidogo ya mara mbili. Lakini zawadi yao ilikuwa karibu mara 20. Basi kipimo hakikuwa umbali wala jasho. Timu ya Deignan ndiyo iliyomjazia pengo hilo.

Mashindano hayo hayakuishia hapo. Kutoka mwaka 2022 mpaka 2025 walishinda wanawake wa Italia, Kanada, Ubelgiji na Ufaransa, kila mwaka nchi moja. Njia iliyofungwa miaka 125 ilipofunguliwa, wa kuipita walikuwa tayari.

MANENO YA KUANDIKA: usukani, kiganja, kundi, kukinga, zawadi, pengo.

MASWALI
1. Kwa nini anayefuata nyuma hupata nafuu?
2. Toa 29 katika 116. Kilomita ngapi hazikuwa za mawe?
3. Toa 1,535 katika 30,000. Kisha zungumzeni darasani: zawadi ipimwe kwa kitu gani?