Barafu ya Mbwa, na Jinsi ya Kuitengeneza

Najua ya kuwa wasomaji wengi watakapoona kichwa cha habari hii watacheka. Watasema, "Watu wenyewe hawajapata barafu ya kutosha, huyu anawafikiria mbwa!" Hata wenzangu wa bwenini walinicheka. Lakini naomba msomaji avumilie mpaka mwisho, kwa kuwa habari hii ilianza siku ambayo hakuna mmoja wetu aliyecheka.

Shule yetu iko kaskazini ya Uganda, na katika miezi ya Januari na Februari jua la huku halina huruma. Tunao mbwa wawili wa kulinda, Simba na Popi. Usiku huzunguka pamoja na Mzee wetu wa zamu, na tangu waletwe nguo zetu hulala kambani bila kuibwa. Mwaka jana, siku moja ya Februari, kama saa nane mchana, Simba alikuwa amefungwa chini ya mwembe. Kivuli kilihama, yeye akabaki juani, na sufuria yake ya maji ilikuwa imepinduka. Hakuna aliyeangalia. Tulipotoka darasani tulimkuta amelala ubavu, ulimi umetoka nje mwekundu sana, anahema kama mvukuto wa mhunzi, na macho yake hayamtambui mtu.

Mwenzetu mmoja, kwa huruma, alikimbia dukani akanunua barafu ya sukari, ile ya rangi nyekundu, akataka kumtia kinywani. Bruda anayesimamia shamba akapiga kelele, "Ngoja! Maji mwilini, si barafu kooni!" Basi tukambeba mpaka kivulini, tukammwagia maji ya pipa mwili mzima, na wengine wakampepea kwa madaftari yao. Baada ya kama nusu saa akainua kichwa. Jioni bwana mifugo alikuja, akampima, akasema, "Mngechelewa kidogo mngemzika." Tangu siku ile nilianza kuuliza: Mbwa hupozaje mwili wake? Na je, barafu ina faida kwake, au ni mchezo tu? Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza yafaa tujue ya kuwa mbwa si kama sisi. Mtu akipata joto hutoka jasho mwili mzima, na jasho hilo likikauka huondoka na joto. Mbwa hutoka jasho kidogo tu, katika nyayo zake. Njia yake kubwa ni kuhema. Anapohema upesi na kutoa ulimi, maji ya ulimini, kinywani na puani hukauka, na joto huondoka pamoja nayo. Mbwa aliyetulia huvuta pumzi kama mara 15 hadi 30 kwa dakika. Akihema kwa joto huweza kupita mara 200. Joto lake la kawaida ni kama digrii 38 na nusu, nalo limezidi letu kidogo. Likipita digrii 41 maisha yake yamo hatarini.

Msomaji aliyelelewa kijijini anaijua kazi hii tayari. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa njia hiyo hiyo: maji kidogo hupenya nje, hukauka juu ya udongo, na yaliyobaki ndani huwa baridi. Ulimi wa mbwa ni mtungi wake. Lakini mtungi mtupu haupozi kitu. Na mbwa asiye na maji ya kunywa hana cha kukausha ulimini.

Sasa tupige hesabu kidogo, kama tulivyofundishwa katika somo la fizikia. Kalori moja ni joto linaloongeza digrii moja katika gramu moja ya maji. Gramu moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya kalori 80, na maji yake yakipanda mpaka joto la mwili wa mbwa hunyonya kalori 38 nyingine. Kwa hiyo kipande cha gramu 50, yaani kama kikombe kidogo cha kahawa, hunyonya kalori 5,900. Mbwa mwenye kilo 20 ahitaji kupoteza kama kalori 17,000 ili apoe digrii moja. Basi kipande kile kitampoza kama theluthi moja ya digrii. Si haba, lakini si dawa. Tena sikilizeni ajabu hii: gramu moja ya maji inayokauka ulimini huondoka na karibu kalori 580. Maana yake, gramu 10 tu za maji akizikausha kwa kuhema hufanya kazi karibu sawa na barafu ile yote ya gramu 50.

Hesabu hii ndiyo iliyonifundisha jambo kubwa la makala hii: maji ni haki ya mbwa, na barafu ni takrima. Asiyempa mbwa wake maji na kivuli, kisha akamletea barafu, ni kama mtu amnyimaye mgeni chakula akampa peremende.

Hata hivyo takrima nayo ni jambo jema. Mbwa aliyekesha akitulinda hufurahi sana kupata kitu baridi cha kulamba mchana, naye hujipatia maji kidogo kidogo. Wala si sisi wa kwanza kufikiri hivyo. Huko Marekani Profesa William Tyznik, mtaalamu wa lishe ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, alibuni barafu ya mbwa iitwayo Frosty Paws, ikauzwa madukani. Sisi twaweza kutengeneza yetu kwa vitu ambavyo jikoni hutupwa.

Lakini hapa nami niungame kosa langu. Mara ya kwanza nilichota mchuzi uliobaki mezani, nikaumimina katika vikombe nikavitia frizani. Mpishi wetu Mama aliponiuliza nikamweleza kwa fahari. Akaniuliza, "Mwanangu, mchuzi huu umeukaanga wewe? Hujui una vitunguu?" Nikauliza kwa bwana mifugo, naye akathibitisha ya kuwa vitunguu, viwe vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Nikaumwaga wote kwa aibu. Kwa hiyo, kabla ya kueleza vitu vya kutia, nitaje vile visivyotiwa kamwe:

Vitunguu maji na vitunguu saumu, kwa sababu niliyoitaja. Chokoleti, kahawa na majani ya chai, kwa kuwa huushtua moyo wa mbwa. Zabibu, mbichi au kavu, kwa kuwa huweza kuua figo zake. Karanga za makadamia, zinazolimwa sana nchini Kenya na Malawi, kwa kuwa hulegeza miguu yake ya nyuma. Pombe ya namna yo yote. Tena iko sukari ya bandia iitwayo ksilitoli, inayotiwa katika ubani wa kutafuna usio na sukari na katika baadhi ya siagi za karanga za dukani. Kwa mtu haina neno, lakini kwa mbwa ni sumu kali. Basi soma karatasi ya chupa kabla ya kuifungua. Chumvi nyingi pia haifai, na maziwa mabichi huwaharisha mbwa wengi wakubwa. Mtindi kidogo usio na sukari huwa nafuu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nitaeleza namna tatu.

Namna ya kwanza ni ya mchuzi wa mifupa. Chemsha mifupa ya ng'ombe katika maji matupu kwa muda wa saa mbili, bila chumvi, bila vitunguu, bila bizari. Chuja vizuri, pasibaki hata kibanzi cha mfupa, kwa maana mfupa uliopikwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kutoboa matumbo. Acha mchuzi upoe, kisha utie katika friji mpaka mafuta yagande juu, yaondoe yote. Changanya kikombe kimoja cha mchuzi na kikombe kimoja cha maji safi, mimina katika vikombe vidogo vya plastiki, na uviweke frizani usiku kucha.

Namna ya pili ni ya ndizi na karanga. Ponda ndizi mbivu mbili, hata zile ambazo ganda limekuwa jeusi. Tia kijiko kimoja cha karanga ulizozisaga mwenyewe bila chumvi wala sukari, na kikombe kimoja cha maji. Koroga, mimina, gandisha. Zichambue karanga kwanza, kwa sababu karanga zenye ukungu huweza kuwa na sumu ya aflatoksini, inayodhuru watu na mbwa pia.

Namna ya tatu ni nyepesi kuliko zote. Chukua tikiti maji, ondoa ganda na mbegu, ponda, gandisha. Papai bivu lisilo na mbegu hufaa vile vile.

Katika kumpa kuna adabu zake. Kipande kikitoka frizani kikiwa kigumu kama jiwe, kiache dakika tano mpaka juu kuwe na maji, kwa kuwa mbwa akitafuna barafu ngumu huweza kuvunja jino. Usimpe katika kopo la bati lililotoka frizani sasa hivi, maana ulimi huweza kunata. Mtoto wa mbwa na mbwa mzee, wapondee. Kipande kimoja kwa siku chatosha, wala takrima zote kwa jumla zisizidi sehemu moja katika kumi ya chakula chake. Vikombe vya mbwa viwe mbali na vyombo vya watu, kwa ajili ya usafi, na kwa heshima ya wenzetu Waislamu. Sisi tumevitia alama ya rangi nyekundu.

Na mbwa aliyekwisha kuzidiwa na joto, kama Simba siku ile, asitiwe barafu kinywani, kwa kuwa huweza kupaliwa. Mpeleke kivulini, mmwagie maji yo yote yaliyo baridi kuliko mwili wake, mpepee bila kuacha, na umwite daktari wa mifugo upesi. Akizindukana na kutaka kunywa, mwache anywe kidogo kidogo.

Labda msomaji atasema, "Kwetu hakuna friza wala umeme." Basi hukukosa kitu kikubwa. Mpe mbwa wako maji ya mtungini, mara mbili au tatu kwa siku, katika chombo kizito kisichopinduka. Hiyo ndiyo hesabu ya kalori 580, nayo haihitaji umeme.

Siku hizi chini ya mwembe wetu ipo karai ya maji iliyozungushiwa mawe, na kamba ya Simba imerefushwa ili aweze kukifuata kivuli. Tumeandika zamu ukutani, na kila mchana mwanafunzi mmoja huenda kuangalia. Siku ya Jumamosi Simba na Popi hupata kila mmoja kikombe chake chekundu. Wale walionicheka sasa hushindana nani atawapelekea. Wazee walisema, chanda chema huvikwa pete. Mbwa hana chanda, lakini anao ulimi, na usiku tunapolala yeye yu macho kwa ajili yetu.

Mwanafunzi wa Kidato cha 6