Zamu ya Alfajiri ya Paka Mchanga

Kabla matatu za kwanza hazijaanza kubeba abiria wa mjini kwenye barabara kuu ya Thika, katika fleti nyingi za Kahawa Sukari kuna kiumbe ambaye tayari yuko kazini. Ana umri wa miezi minne au mitano. Ameshapanda pazia mpaka juu, ameangusha mfuniko wa sufuria jikoni, na sasa anavizia kidole cha mguu kilichochungulia nje ya blanketi. Mwenye nyumba hajapata usingizi wa maana tangu saa kumi. Kukipambazuka atamwuliza jirani kama paka huyu ana wazimu, au kama kweli ni paka, maana hadithi za paka wa usiku ambao si paka bado zina wasikilizaji wengi kwetu.

Paka huyo ni mzima, tena mzima kabisa. Anachofanya ndicho mwili wake ulichoumbiwa, na anakifanya saa ile ile ambayo mababu zake walikifanya.

Je, wajua kwamba paka si mnyama wa usiku wa manane? Shughuli zake hupamba moto nyakati mbili za mpito: machweo na mapambazuko. Kati ya hapo hulala, saa 12 hadi 16 kwa siku, na akiwa mchanga hulala hata zaidi. Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Carlos Driscoll walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa DNA ya paka 979, wa nyumbani na wa mwituni, wakaonyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani ni uzao wa paka-mwitu wa Mashariki ya Karibu, Felis lybica. Paka-mwitu wa jamii hiyo bado wapo katika mbuga za Kenya: rangi ya mchanga, miguu mirefu, mkia wenye pete nyeusi. Panya wa nyikani hutoka mashimoni joto linapopungua, nuru ikiwa hafifu, na mwindaji hutoka nao.

Urafiki wetu naye ni wa zamani. Mwaka 2004 ilitangazwa habari ya kaburi huko Kupro, la miaka kama 9,500 iliyopita, ambamo mtu na paka walizikwa karibu karibu. Paka huyo alikuwa na umri wa miezi 8 hivi. Yaani alikuwa katika umri huu huu wa kupanda mapazia.

Vyombo vyake vya kazi vinaeleza mengi. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha nuru ili seli za jicho ziipokee mara ya pili. Ndio unaong'aa gari likimmulika barabarani. Kwa utando huo na mboni inayopanuka mno, paka huona kwa nuru ambayo ni kama sehemu moja ya sita ya ile tunayohitaji sisi. Katika giza totoro haoni, kama mtu yeyote, lakini taa ya usalama ya ploti inayopenya pazia inamtosha kabisa. Sikio lake ni la ajabu zaidi. Sauti ya juu kabisa anayoweza kuisikia binadamu ni ya kilohezi 20 hivi. Paka husikia hadi karibu kilohezi 85, na milio mingi ya panya iko katika eneo hilo tusilolisikia. Watu huogopa paka anapoukodolea macho ukuta mtupu saa tano usiku. Mara nyingi kuna panya darini, na paka ndiye pekee nyumbani anayemsikia.

Kuna jambo linalotuhusu sisi wa ikweta hasa. Kahawa Sukari iko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa mstari huo, kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. London, jua la Juni huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na la Desemba baada ya saa mbili asubuhi. Mwenye paka kule huona vurugu zikihamahama na misimu. Hapa kwetu saa ya paka haiyumbi: anayekuamsha saa kumi na moja Januari atakuamsha saa kumi na moja Julai, baridi ya Kiambu ikiwa imekaza.

Tena huyu ni mchanga. Kuanzia wiki ya 7 au ya 8 tangu kuzaliwa, mchezo wa kukimbiza vitu huongezeka kwa kasi, kwa kuwa macho na misuli vimeanza kupatana. Mtazame anapokikabili kitambaa cha kochi, kile kilichofumwa kwa uzi. Kwanza hulala chini, tumbo likigusa zulia, masikio mbele, mboni zimelijaza jicho. Makalio yanatikisika kulia na kushoto. Anaruka, kucha za mbele zinanasa katika matundu ya mfumo, meno yanauma, naye anajilaza ubavu na kukipiga kitambaa mateke ya haraka haraka kwa miguu ya nyuma. Hatua hizo, na mfuatano wake, ndizo za kumkamata na kumdhibiti mnyama hai. Kitambaa cha kochi kimechanika, lakini mtoto amefanya zoezi lake bila kuruka hata hatua moja.

Paka wa Lamu hufanya zoezi hilo vichochoroni na kando ya gati, wavuvi wanapoteremsha samaki, na hakuna anayemlaumu. Wa fleti ya vyumba viwili hana gati. Silika ni ile ile, mahali pa kuitolea ndipo pamekosekana, na hapo ndipo ninapoona ugomvi wote ulipo. Kumpiga, kumfungia bafuni au kumwagia maji hakumfundishi kitu ila kukuogopa wewe, kwa sababu hawezi kuunganisha kofi la asubuhi na pazia la alfajiri. Dawa ni kumpa kazi yake mapema, kabla hujalala, na kutomlipa anapoifanya kwa wakati usiofaa.

Anza na mawindo ya jioni. Mwaka 2021 Martina Cecchetti, Robbie McDonald na wenzao wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walieleza walichokiona kwa paka wanaotoka nje kuwinda. Waliolishwa chakula chenye nyama nyingi kisicho na nafaka walipunguza mawindo waliyoleta nyumbani kwa asilimia 36. Waliochezeshwa dakika 5 hadi 10 tu kwa siku walipunguza kwa asilimia 25. Dakika kumi! Funga unyoya wa kuku kwenye kamba, ukokote sakafuni uelekee mbali naye, si usoni pake, maana hakuna panya anayemkimbilia paka. Ufiche nyuma ya mguu wa meza, usimamishe, uutikise kidogo. Mwache aukamate mara kadhaa, na mwisho aukamate kabisa. Kisha mpe chakula chake kikubwa cha siku papo hapo. Akishakula atajilamba, na akishajilamba atalala. Ukifanya hivyo saa tatu usiku, unamwekea machweo yake mahali unapoyataka.

John Bradshaw na wenzake, katika majaribio ya miaka ya 1990, waliona kwamba paka mwenye njaa hucheza kwa nguvu zaidi, na kwamba huchoshwa haraka na kitu kile kile lakini huchangamka upya akiletewa kingine. Basi usimwachie vichezeo vyote sakafuni mwezi mzima. Toa viwili, ficha vingine, badilisha kila baada ya siku chache. Kifuniko cha chupa, mpira wa karatasi na boksi la sabuni vinatosha. Paka hana habari na bei. Lakini unyoya na kamba viwekwe kabatini mchezo ukiisha. Uzi uliomezwa unaweza kuukunja utumbo na kumwua, na wenye kushona nyumbani wachunge zaidi sindano yenye uzi.

Chakula chenyewe kinastahili neno. Panya mmoja ana kalori kama 30, kwa hiyo mwindaji wa mwituni hula milo midogo mingi, 8 au zaidi, mchana na usiku. Paka aliyepewa bakuli moja saa kumi na mbili jioni ana kila sababu ya kuwa na njaa alfajiri. Na kama bakuli hilo lilikuwa ugali na maziwa, njaa ni ya haki kabisa, kwa sababu paka ni mla nyama wa lazima: anahitaji kirutubishi kiitwacho taurini, ambacho hakimo katika unga wa mahindi, na akikikosa kwa muda mrefu macho na moyo huharibika. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Omena zilizochemshwa bila chumvi na kitunguu ni nzuri kuchanganya, ila zisiwe chakula pekee; chakula cha paka wachanga cha dukani au cha agroveti kiwe ndio msingi. Punje chache kavu zitawanye usiku katika trei la karatasi la mayai. Atazichokoa kwa mguu, moja moja, na kila punje itakuwa windo.

Kochi nalo lina jibu lake. Paka hakwaruzi kwa ubaya. Anavua maganda makuukuu ya kucha, ananyoosha mgongo, na anaacha harufu itokayo katika tezi za nyayoni. Hataacha, kwa hiyo mpe mbadala: gogo au ubao mzito uliosimama wima bila kuyumba, mrefu kuliko yeye akijinyoosha, uliozungushiwa kamba ya katani. Kamba hiyo ipo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Ruiru na Thika. Ubao uweke ubavuni mwa kochi alilokwisha kulichagua. Ukiupeleka kwenye veranda hataufuata.

Sasa tuje alfajiri yenyewe, palipo pagumu. Mwaka 2009 Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex alionyesha kwamba baadhi ya paka wanapoomba chakula huchanganya ndani ya mkoromo wao mlio mwembamba wenye masafa yanayokaribia kilio cha mtoto mchanga, na watu huuona mlio huo kuwa wa dharura hata kama hawajawahi kufuga paka. Basi kuinuka kwako ni jambo la kawaida. Tatizo ni kwamba ukiinuka ukamlisha, umemlipa mshahara. Ukimlisha leo, ukakataa kesho, ukamlisha keshokutwa, unamfundisha kuvumilia zaidi, kwa sababu malipo ya bahati nasibu hushikilia tabia kuliko ya kila siku. Asipewe chochote mpaka umeamka, umeoga na umechemsha chai. Tarajia kelele ziongezeke kabla hazijapungua. Tendo lililozoea malipo likiyakosa hupanda kwanza, ndipo lififie. Wengi hukata tamaa hapo hapo penye kilele. Ila mtoto aliyefika nyumbani jana anayelia usiku hayumo katika kanuni hii. Huyo anamtafuta mama yake, naye mpe sanduku, kitambaa cha joto na sauti yako.

Kama ni jike, na badala ya mbio unasikia kilio kirefu cha kuburuza, anagaagaa na kuinua makalio, huyo anataka dume. Wengine huanza wakiwa na miezi minne tu. Uzazi wa paka huongozwa na urefu wa mchana, hivyo katika nchi za baridi majike hupumzika majira ya siku fupi. Kwetu mchana una saa 12 mwaka mzima na hakuna likizo. Kumfunga kizazi jike na kumhasi dume wafikapo miezi mitano au sita hutuliza usiku kuliko mbinu nyingine yoyote katika umri huo. Huduma hiyo hutolewa na KSPCA, shirika la kuwalinda wanyama jijini Nairobi, na kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete. Siku hiyo hiyo uliza pia kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka hupata na huambukiza.

Wengine humaliza kero kwa kumfungulia mlango usiku. Siwezi kulikubali hilo. Nje kuna mbwa wanaofunguliwa usiku, magari, na panya waliokula sumu ya jirani, ambao humwua paka anayewala. Wala ndani si salama kwa kila kitu: kidonge kimoja cha paracetamol kinatosha kumwua paka, poda ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini humtia kifafa, na maua ya lili, hata chavua yake iliyodondokea manyoya, huangamiza figo.

Kwa ambaye bado hajachukua paka, umri una uzito. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki walipochambua mwaka 2017 habari za paka 5,726, waliona kwamba waliotenganishwa na mama kabla ya wiki 8 walikuwa wakali zaidi, na waliokaa naye kupita wiki 14 walikuwa na matatizo machache ya tabia. Jirani akikupa mtoto wa wiki tano, mwombe amwache na mama yake mpaka wiki ya 12 au zaidi. Na kama nafasi na mfuko vinaruhusu, chukua wawili wa tumbo moja. Watavamiana wao kwa wao kwenye korido na kuiacha miguu yako, na kila mmoja atajifunza kwa mwenzake ni ung'ataji upi unaouma. Mbio za alfajiri hupungua wengi wao wanapotimiza mwaka mmoja au miwili.