Kabla ya Kuhama, Uliza Maji Yalifika Wapi

Safari hii sikuandikii habari za dawa. Nakuandikia habari za safari. Lakini utaona kwamba dawa nazo zimo.

Mimi ni tabibu msaidizi wa kijijini. Nina cheti, na kazi sina nayo muda mrefu. Kwetu ni Songo Songo, kisiwa kilichoko Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi. Watu wengi wanakijua kisiwa chetu kwa sababu ya gesi. Iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 inapelekwa Dar es Salaam. Bomba lake linapita chini ya bahari kama kilomita 25 hadi Somanga Funga, kisha linakwenda nchi kavu zaidi ya kilomita 200 hadi Ubungo. Sisi wenyewe tunaishi kwa samaki, pweza na minazi.

Mwaka jana baba mdogo wangu aliniita. Nilimkuta barazani anashona wavu. Nikamwamkia, akaitika, akasema, "Mwanangu, nataka kuhama. Mjomba wako wa bara ananiambia ardhi ipo na ufuta una bei. Bahari imenichosha. Twende tukatazame. Mimi nitatazama shamba, wewe utatazama mambo yako."

Mambo yangu ni afya. Nikakubali.

Lakini kuna jambo lingine ambalo baba mdogo hakulisema, na mama mdogo alinieleza usiku ule jikoni. Miaka miwili kabla, binti yao alishikwa na uchungu wakati wa kusi. Upepo ulikuwa mkali, mawimbi makubwa. Nahodha alitazama bahari akakataa kutoka, na hakuwa na kosa. Walisubiri usiku kucha hadi mchana wa pili. Walipofika hospitali ya wilaya, Kilwa Kivinje, mama aliokolewa, mtoto alikuwa amekwisha kufa. Sasa mke wa mtoto wao wa kiume ana mimba ya miezi minne. "Mimi sitaki ufuta," mama mdogo akasema. "Mimi nataka barabara."

Basi tulikuwa na watu wawili wanaotaka kuhama, kila mmoja kwa sababu yake.

SAFARI

Tulipanda mashua ya mashine alfajiri. Bahari ilikuwa shwari. Nilimwomba baba mdogo avae jaketi okozi, akacheka, akasema ameogelea maji haya kabla sijazaliwa. Nikamwambia, "Baba mdogo, mashua ikipinduka usiku hata pweza hajui pwani iko wapi." Akavaa, labda kwa kunionea huruma.

Baada ya saa mbili na zaidi tulishuka Kilwa Kivinje. Mji huu ni wa zamani sana. Mwaka 1859 Mwingereza mmoja msafiri, Richard Burton, alipita hapa akaukuta umeshikwa na kipindupindu, watu wanakufa. Siku hizo hapakuwa na mtu aliyejua kwamba ugonjwa ule unaingia kwa maji na chakula chenye uchafu wa choo. Leo tunajua. Nilikuwa na wazo hilo kichwani tulipokunywa chai pale stendi, nikatazama kama maji ya chai yamechemka kweli. Yalikuwa yamechemka.

Kutoka Kivinje tulikwenda Nangurukuru kwenye barabara kuu, kisha tukashika njia ya kwenda Liwale, upande wa Njinjo. Kijiji chenyewe sitakitaja kwa jina, maana wenyeji walitupokea vizuri na sipendi waone nimewasema. Kiko katika bonde la mto Matandu.

Ardhi ni nzuri. Hilo nalisema wazi. Baba mdogo aliokota udongo, akaufinya, akaunusa kama anavyonusa samaki. Ni udongo mweusi ulioletwa na mto. Mahindi yamesimama, mpunga upo, mihogo minene. Mjomba alituonyesha gunia za ufuta. Mchana wote baba mdogo alikuwa anatabasamu.

Mimi niliomba nionyeshwe mtoni.

MKOJO MWEKUNDU

Kwetu kisiwani hakuna mto. Tuna visima, na ukichimba karibu na pwani maji yana chumvi. Kwa hiyo mtu wa Songo Songo akiona maji matamu yanapita bure, moyo wake unafurahi. Wangu pia ulifurahi kidogo. Pembeni mwa mto palikuwa na kidimbwi. Akina mama wanafua, watoto wanaoga na kupiga mbizi. Nilipoinama niliona konokono wadogo wameshika majani.

Nilimwita mtoto mmoja wa kama miaka tisa. Nikamwuliza, "Mwanangu, mkojo wako una rangi gani?" Wenzake wakacheka. Akasema, "Mwishoni unakuwa mwekundu. Sote hivyo hivyo. Kaka anasema ni kukua."

Si kukua. Ni kichocho. Naomba nieleze hapa polepole, maana wengi wanafikiri hivyo hivyo.

Minyoo ya kichocho ni midogo, inaishi ndani ya mishipa ya damu karibu na kibofu. Inataga mayai. Mayai yanatoboa kibofu na kutoka na mkojo, ndiyo sababu unaona damu. Mtu akikojoa majini, mayai yanaanguliwa. Vijidudu vinavyotoka vinamtafuta konokono wa maji matamu, vinaingia ndani yake na kuongezeka. Kisha vinatoka kwa konokono, vinaogelea, vinamtafuta mtu. Vinapita kwenye ngozi. Huna haja ya kunywa maji hayo. Kusimama tu na kufua kunatosha.

Ugonjwa huu hauui upesi kama malaria, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Ukikaa miaka mingi bila dawa unaharibu kibofu na figo, na unaweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa wanawake unaweza kuleta vidonda katika njia ya uzazi, na mara nyingi mwanamke anasingiziwa ugonjwa wa zinaa ambao hana. Dawa yake ipo, inaitwa prazikwanteli. Humezwa kwa kipimo cha uzito au urefu, na watoto hupewa shuleni. Lakini ukimeza leo na kesho ukarudi kidimbwini, unaupata tena.

Nilimwuliza mjomba maji ya nyumbani kwake yanatoka wapi. Akasema mtoni. Nikamweleza kitu ambacho ni rahisi. Ukiteka maji ukayaweka katika pipa safi lenye mfuniko, bila konokono, yakakaa siku 2, vijidudu vya kichocho vinakufa, maana haviishi zaidi ya hapo bila kumpata mtu. Maji hayo unaweza kuyaoga na kufulia. Ya kunywa lazima uyachemshe au uyatie dawa ya kutibu maji. Mjomba akasema, "Mpwa, kuchemsha kunataka kuni." Ni kweli, na wanaotafuta kuni ni wanawake. Sikuwa na jibu zuri. Nilisema tu kwamba dawa ya maji haitaki kuni.

Mabusha na matende nimeyaona pia. Lakini hayo hata kwetu pwani yapo, nitayaandikia siku nyingine.

ALAMA UKUTANI

Jioni tulionyeshwa kiwanja. Kilikuwa tambarare, karibu na shamba, na palikuwa na nyumba ya zamani ya udongo isiyo na mtu. Mjomba alisema tunaweza kuitengeneza. Baba mdogo akaingia ndani, mimi nikabaki nje natazama ukuta. Chini ulikuwa wa rangi moja, juu rangi nyingine. Mstari ulipita kuzunguka nyumba nzima, sawasawa kama umepigwa kwa kamba. Nilisimama karibu nao. Ulinifika juu ya kiuno.

Nikamwuliza mzee mmoja jirani. Akasema, "Hayo ni maji ya mwaka 2020."

Januari ya mwaka 2020 mvua kubwa zilinyesha Lindi. Mito ilifurika, vijiji vya Kilwa vilivyo mabondeni vikaingia maji, watu wakafa na maelfu wakakosa makazi. Sisi kisiwani tulisikia redioni. Mzee huyu alikaa juu ya mti. Alituonyesha mti wenyewe, akaupiga kofi kama mtu anavyompiga rafiki begani. Hakueleza zaidi, na sisi hatukumwuliza.

Baba mdogo alitoka nje akauona ule mstari. Akaweka mkono juu yake. Toka hapo hakutabasamu tena mpaka wakati wa chakula.

Mafuriko hayaleti kuzama tu. Maji yakiondoka yanaacha visima vimechafuka na madimbwi ya mbu. Kuhara kunafuata, malaria inafuata. Hata barabara aliyoitaka mama mdogo hukatika. Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua mwezi Mei mwaka 2024, barabara kuu ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika hapa hapa Kilwa. Nilimwambia baba mdogo jambo hili usiku. Akafikiri, akasema, "Kwa hiyo kwetu njia inafungwa na kusi, huku inafungwa na masika."

Ndivyo. Lakini kuna tofauti. Kusi kali ni Juni hadi Agosti. Mvua za masika ni Machi hadi Mei. Mwanamke mjamzito miezi yake inahesabika. Ukijua njia inafungwa lini na mtoto anatarajiwa lini, huna haja ya kungoja uchungu uanze. Mke wa yule kijana alitarajiwa kujifungua katikati ya kusi. Nilisema mwezi wa tisa ukianza akae Kivinje kwa ndugu, karibu na hospitali, wahame wasihame. Baba mdogo alikubali kabla sijamaliza kusema.

Kulikuwa na jambo la malaria pia. Kisiwani mbu wapo, lakini bondeni wakati wa mvua ni wengi sana. Tulilala na chandarua, na nje tuliwasikia wanaimba. Mjamzito akipata malaria anapungukiwa damu, na mtoto anaweza kuzaliwa mdogo au kufa tumboni. Kwa hiyo asikose kliniki. Huko anapewa chandarua, na kuanzia mwezi wa nne anapewa vidonge vya SP vya kuzuia malaria, mara moja kila mwezi, hadi ajifungue. Mtoto mdogo akipata homa apimwe damu siku hiyo hiyo. Akikutwa na malaria hupewa dawa mseto kwa siku 3. Dozi ya pili inamezwa baada ya saa 8, zinazofuata asubuhi na jioni. Amalize zote hata akianza kucheza siku ya pili. Wazazi wengi huweka zilizobaki kwa ajili ya mtoto mwingine. Hapo wanakosa kuponya wote wawili.

Kesho yake mjomba alituonyesha kiwanja kingine, juu mlimani, penye mwembe mkubwa. Kutoka hapo mtoni ni mwendo mrefu, tulitembea karibu dakika 40. Upepo unapita na mbu ni wachache. Jirani wa huko ni mfugaji. Alisema walikuja Kilwa kutoka bonde la Usangu wakati wafugaji walipohamishwa, mwaka 2006 na 2007. Baba mdogo alimwuliza alipataje kuchagua mlimani. Akajibu kwamba wao hawakuchagua kuja, lakini walipofika walichagua pa kulala. Baba mdogo alipenda jibu hilo. Alisema baba yake naye alikumbuka siku za Operesheni Vijiji, mwaka 1974, watu walipohamishwa bila kwenda kutazama kwanza.

Hata hivyo alikuwa bado anakipenda kiwanja cha chini. "Maji yale huja mara moja katika miaka mingi," alisema ndani ya mashua tukirudi. "Na dakika 40 na ndoo kichwani ni kila siku." Nilinyamaza. Mwenye kubeba ndoo hakuwa yeye wala mimi.

Tulifika nyumbani jioni. Familia nzima ilikaa barazani. Baba mdogo alieleza habari za udongo, za ufuta, za mto. Kisha akasimama mlangoni akaweka kiganja juu ya kiuno chake, akasema, "Mwaka 2020 maji yalifika hapa."

Watoto wakacheka wakijipima. Mama mdogo hakucheka. Akauliza, "Na maji yalipofika hapo, choo kilikuwa wapi?"

Baba mdogo akanitazama mimi. Mimi ndiye mtu wa afya, na sikuwa nimeuliza. Nikatoa simu nikampigia mjomba. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema vyoo vyote vya bondeni vilijaa maji na kubomoka, na kisima kilikuwa hatua chache tu kutoka choo cha jirani. Walikunywa maji hayo siku tatu, maana hapakuwa na mengine.

Mama mdogo alichukua simu kutoka mkononi mwangu. "Kaka," akasema, "huo mwembe wa mlimani, ni wa embe gani?"

Mwezi wa Novemba baba mdogo na mwanawe wa kwanza walikwenda kufyeka shamba la msimu mmoja, bila familia. Mkamwana wake alikuwa amekwisha kujifungua mtoto wa kike, Kivinje, wakati bahari imechafuka.