Mwezi ukipevuka, bei ya dagaa hupanda Kibaha na Kisarawe

WACHUUZI wa dagaa wabichi wa Kibaha na Kisarawe wanaweza kuepuka sehemu kubwa ya hasara zao iwapo watatazama jambo moja kabla ya kufunga safari ya kwenda Feri: tarehe ya mwezi mwandamo.

Dagaa wa Pwani huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi gizani. Mbalamwezi inapotawala, boti nyingi huegeshwa, mzigo hupungua mnadani na bei hupanda. Giza linaporudi, mzigo hufurika na bei huporomoka, wakati mwingine ndani ya siku mbili au tatu. Mwenye mtaji mdogo asiyeijua ratiba hiyo hujikuta ananunua ghali leo na kuuza rahisi kesho kutwa.

Jambo hili linazihusu Kibaha na Kisarawe kuliko miji iliyo ufukweni, kwa kuwa wilaya hizo hazina bahari. Kisarawe ilikuwa na pwani yake mpaka Mkuranga ilipotengwa kuwa wilaya katika miaka ya 1990 na kuondoka na bandari ndogo ya Kisiju. Tangu hapo kitoweo chote cha baharini kinachouzwa Kisarawe mjini, Masaki au Maneromango hununuliwa nje ya wilaya. Hali ni hiyo hiyo Maili Moja, Kongowe na Mlandizi, ambako samaki hufika kwa Barabara ya Morogoro kutoka Dar es Salaam, au kwa njia ya Makofia kutoka Bagamoyo.

Mnunuzi aliye mbali na ufukwe ni wa mwisho kupata habari za usiku uliopita, lakini nauli na barafu huzilipia kwanza. Kwake, kujua mapema kama usiku utakuwa wa mzigo au wa ukame ni sehemu ya mtaji.

Jinsi taa inavyoleta mzigo

Uvuvi wa dagaa hutumia vyombo vidogo. Boti yenye wavu wa kuzungusha hutoka jioni, mara nyingi ikifuatana na kihori kinachobeba taa. Taa huwashwa juu ya maji yaliyotulia. Vijidudu vya baharini hukusanyika kwenye mwanga, dagaa huvifuata, na vibua na ngisi huwafuata dagaa. Kundi likishakuwa kubwa, wavu huzungushwa kulizingira na kuvutwa.

Usiku wa mwezi mpevu mwanga hutapakaa bahari nzima. Samaki hawana sababu ya kukusanyika chini ya taa moja, na nahodha anaweza kuchoma mafuta usiku kucha akarudi na ndoo chache. Ndiyo maana wenye vyombo wengi huona afadhali kupumzisha mabaharia, kushona nyavu na kukarabati injini.

Gharama ya mwanga nayo imebadilika. Kwa miaka mingi taa iliyotumika ilikuwa karabai ya mafuta ya taa. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na karabai ikawa mzigo mzito zaidi kwa mwenye chombo. Taa za betri, jenereta na sola zimechukua nafasi kubwa tangu wakati huo. Petroli ya injini haijapata mbadala wa namna hiyo, na bei zake kikomo hutangazwa na EWURA kila mwezi. Mchuuzi hulipia mabadiliko ya bei hiyo mara mbili: ndani ya bei ya ndoo na ndani ya nauli ya kurudi nyumbani.

Kumi la kati

Mwezi mwandamo una siku 29 au 30. Kwa kalenda ya Kiislamu, ambayo nyumba nyingi za Pwani zinayo ukutani, mwezi huandama tarehe mosi na kupevuka kati ya tarehe 14 na 15. Kwa hesabu ya jumla, siku za ukame ni zile za kumi la kati, kuanzia tarehe 10 hadi 20 hivi. Siku zinazobaki ndizo za giza.

Hata ndani ya siku za giza saa za kazi hubadilika. Mwanzoni mwa mwezi, mwezi mchanga huzama mapema na wavuvi hupata giza la usiku wa manane hadi alfajiri. Baada ya mwezi kupevuka, huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila usiku, hivyo giza la kwanza kurudi ni lile la saa za jioni. Mchuuzi anayewahi mnada wa alfajiri anapaswa kuijua tofauti hiyo, kwa kuwa samaki waliovuliwa saa mbili usiku si sawa na waliovuliwa saa kumi alfajiri, hata kama wote wamelala kwenye beseni moja.

Wapo wanaodhani kuwa upungufu wa Pwani utafidiwa na maziwa. Hilo ni kweli kwa sehemu tu. Dagaa wa Ziwa Victoria wanaopitia soko la Mwaloni Kirumba jijini Mwanza, na wale wa Ziwa Tanganyika wanaotoka Kigoma, nao huvuliwa kwa taa gizani. Mwezi ni mmoja, na unapopevuka Bagamoyo umepevuka pia Mwanza na Kigoma. Kinachoziba pengo ni dagaa wakavu waliokwisha kuhifadhiwa ghalani.

Nayo maghala hayo yanaweza kupungua kwa sababu nyingine. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wapate muda wa kuzaliana. Aliyekuwa akitegemea dagaa wa Kigoma peke yao alilazimika kutafuta chanzo kingine kwa miezi mitatu.

Hesabu ya ndoo kumi

Ili kuona faida inapopotelea, tuchukue mfano wa mchuuzi wa Maili Moja. Tarakimu hizi ni za mfano wa hesabu tu. Bei halisi hubadilika kila alfajiri.

Tuseme amenunua ndoo kumi za dagaa wabichi kwa Sh 20,000 kila moja, jumla Sh 200,000. Nauli ya mzigo, barafu, ushuru na wabebaji vikamgharimu Sh 25,000. Amekwisha kutoa Sh 225,000 kabla hajauza hata fungu moja. Akiuza kila ndoo kwa Sh 30,000, ndoo zote kumi zitamletea Sh 300,000 na faida ya Sh 75,000.

Lakini dagaa ni samaki laini. Tumbo hupasuka ndani ya saa chache barafu ikiwa haba, na foleni ya barabarani haimsubiri mtu. Ndoo mbili zikiharibika atapata Sh 240,000, na faida itabaki Sh 15,000. Zikiharibika tatu, atapata Sh 210,000 na atakuwa amekula mtaji wake kwa Sh 15,000. Katika hesabu hii, ndoo moja tu ndiyo inayotenganisha faida na hasara.

Sasa tuseme ni kumi la kati na ndoo imepanda hadi Sh 30,000. Gharama za njiani zikibaki vile vile, ndoo kumi zitamgharimu Sh 325,000. Mlaji wa Kibaha naye ana kikomo. Fungu likipanda sana atanunua mayai au maharage. Mchuuzi anayelazimisha kwenda na mtaji ule ule wakati huo hununua ndoo chache, analipa nauli karibu ile ile, na kila ndoo inayoharibika inamuumiza zaidi.

Bahari inapotulia, jua hukatika

Njia ya wazi ya kuikwepa mbalamwezi ni kununua wakati wa giza, kukausha na kuuza wakati wa ukame. Hiyo ndiyo biashara ya matajiri wa dagaa. Unguja imejengeka biashara kubwa ya kuchemsha dagaa kwa maji ya chumvi na kuwaanika, na wanunuzi wake hutoka hadi Kongo.

Kwa mwenye mtaji mdogo njia hiyo ina mitego miwili. Wa kwanza ni uzito. Takriban robo tatu ya uzito wa samaki mbichi ni maji, hivyo kilo 100 za dagaa wabichi hubaki kilo 25 hadi 30 tu wanapokauka. Anayepanga bei ya dagaa wakavu bila kuigawa hesabu hiyo anajidanganya.

Mtego wa pili ni mvua. Upepo wa kusi unapopungua nguvu kuelekea Oktoba, na kabla kaskazi haijashika, vyombo vidogo hutoka kwa urahisi zaidi kuliko wakati wa Juni na Julai. Lakini hapo hapo vuli huanza, na mvua zake huendelea hadi Desemba. Giza moja la vuli linaweza kuleta mzigo mkubwa na mawingu ya siku tatu mfululizo. Dagaa walioanikwa chini hunyeshewa, huingia mchanga na kuota ukungu.

Chanja za kuanikia zilizoinuliwa kutoka ardhini, zenye turubai la kufunika, hupunguza hasara hiyo. Hazihitaji utaalamu mkubwa. Zinahitaji eneo na miti, vitu ambavyo vijiji vya Kisarawe na Kibaha vinavyo zaidi ya mitaa ya Dar es Salaam. Vikundi vidogo vinaweza kutafakari uwekezaji wa aina hii, kwa sharti kwamba mzigo unachemshwa mapema na haufiki ukiwa umekwisha kuchoka.

Kuku ndio mnunuzi wa pili

Kibaha ina faida moja ambayo wengi hawaiingizi katika hesabu. Ni eneo la wafugaji wa kuku wa mayai na nyama, na dagaa ni moja ya vyanzo vya protini katika chakula cha kuku. Dagaa waliovunjika au waliopoteza rangi hupata soko huko kwa bei ya chini kuliko ya jikoni.

Hata hivyo soko hilo si jalala. Dagaa wenye ukungu wanaweza kudhuru kuku, na mchanga huongeza uzito tu. Mfugaji aliyeuziwa mchanga mara moja hatarudi. Mchuuzi mwenye busara hutenga daraja la pili tangu mwanzo, akalikausha vizuri na kuliuza kwa jina lake.

Mkopo wa wiki, bidhaa ya mwezi

Hatari kubwa kuliko zote haiko baharini. Iko kwenye daftari la marejesho. Mikopo mingi midogo, pamoja na ile ambayo mitaani imepewa jina la kausha damu, hulipwa kila wiki na mingine kila siku. Bidhaa yenyewe hufuata mwezi. Katika kila majuma manne, moja au zaidi huangukia kwenye ukame, na rejesho halisubiri giza.

Hapo ndipo mchuuzi anapolazimika kununua ghali ili aonekane anafanya kazi, au kukopa kwingine ili alipe mkopo wa kwanza. Majuma mawili ya namna hiyo yanatosha kumaliza mtaji uliokusanywa kwa mwaka.

Dawa yake ni hesabu. Tuseme rejesho ni Sh 40,000 kwa wiki, yaani Sh 160,000 kwa majuma manne. Mchuuzi akifanya biashara siku 18 za giza, anapaswa kutenga karibu Sh 9,000 kila siku ya biashara kwa ajili ya rejesho peke yake, kabla ya kuhesabu matumizi ya nyumbani. Kama faida ya siku haiwezi kubeba kiasi hicho, mkopo huo haumfai, hata ukitolewa haraka kiasi gani.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, haina riba. Vikundi vinavyoomba kwa ajili ya dagaa vingefanya vema kuonyesha katika andiko lao siku za giza na siku za ukame, na kuomba marejesho yapangwe kwa mwezi badala ya wiki.

Ya kuzingatia

Kwanza, tarehe za mwezi mwandamo ziandikwe kwenye daftari la biashara pamoja na bei ya kununulia ya kila siku. Baada ya miezi mitatu mchuuzi atakuwa na kumbukumbu yake mwenyewe, inayomfaa kuliko uvumi wa stendi.

Pili, mtaji mwingi utumike mwanzoni mwa giza, wakati mzigo unaongezeka lakini walaji bado wana hamu. Katikati ya giza, soko linapofurika, ni wakati wa kukausha kama jua lipo.

Tatu, kumi la kati litumike kuuza dagaa wakavu, kukusanya madeni na kutengeneza vyombo, kama wavuvi wanavyofanya na nyavu zao.

Nne, leseni. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake zinawagusa wafanyabiashara wa mazao ya uvuvi pia. Mzigo uliozuiwa njiani kwa saa nne kwa kukosa karatasi ni mzigo ulioharibika.

Mahali ambapo bei ya nyanya au mchele hubadilika bila taarifa, bei ya dagaa hutoa taarifa yake mwezi mzima kabla. Atakayepoteza ni yule anayeiona juu angani kila usiku asiiingize kwenye daftari lake.