Je, Wajua? Dakika Tatu za Mazoezi Leba

Je, wajua kwamba hospitali inayokimbiliwa na wagonjwa wa Mkalama haiko mkoani Singida? Ni Haydom, wilayani Mbulu, ng'ambo tu ya mpaka wa Manyara, iliyoanzishwa na Walutheri wa Norwei mwaka 1955.

Je, wajua kwamba mafunzo yanaweza kufaulu darasani yakafeli wodini? Mwaka 2010 wakunga wa Haydom walifundishwa kwa siku moja kumhudumia mtoto aliyezaliwa amechoka, asiyepumua. Kwa mdoli wa mazoezi wakafanya vizuri sana. Leba, mambo yakabaki vilevile. Tusiwalaumu: mkono husahau usichokirudia.

Mwaka 2011 mpango ukageuzwa. Mdoli na ambubagi, mfuko wa kupampu hewa, vikawekwa palepale kazini, na wakunga wakawa wanafanya zoezi fupi la dakika tatu hadi tano, mara kwa mara: kausha, sugua mgongo, safisha njia ya hewa, na kama bado kimya, pampu hewa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Wenyewe huiita Dakika ya Dhahabu. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Na waliohitaji ambubagi walipungua, maana wengi zaidi walizinduliwa mapema kwa mikono tu! Kwa hiyo mdoli uliofungiwa kabatini kusubiri semina ni hasara kubwa.

Je, wajua kwamba idara kamili ya kwanza ya dharura katika hospitali ya umma nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010 tu?

Je, wajua kwamba kozi ya WHO ya huduma za msingi za dharura, iliyotolewa 2018, ilijaribiwa Tanzania, Uganda na Zambia? Muuguzi hufuata ABCDE: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha kumfunua mgonjwa atafute majeraha. Majeruhi wa lori barabara ya Dodoma–Singida na mama anayevuja damu Kiomboi huanziwa palepale, kwenye A. Hatua za kwanza ni macho, masikio na mikono.

Je, wajua namba 115? Ni ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, uliozinduliwa kitaifa Dodoma mwaka 2022. Kupiga ni bure. Ambulensi ikikosekana, hutafutwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye hulipwa na mfumo. Mpaka gari lifike zahanati, mgonjwa yuko mikononi mwa muuguzi wa zamu.