Yakobo Aliposhuka Misri: Habari ya Kumhamisha Mzazi Mzee



Katika nyumba nyingi za usharika wetu, hapa chini ya mlima Kilimanjaro, mna picha ukutani ya kijana aliyevaa joho la chuo, na nyuma yake theluji imefunika miti. Kijana huyo alikwenda Ulaya au Marekani kusoma, akapata kazi, akaoa, akazaa watoto. Na sasa kichwa chake mwenyewe chaanza kuingia mvi. Ndipo amwambiapo mama yake: Uzee umekufikia, njoo ukae nami. Neno hili ni la upendo, nasi hatulikashifu. Lakini tumeona mara nyingi jinsi linavyowasumbua wazee wetu, na leo twataka kueleza habari ya nyumba moja, pamoja na kosa tulilolifanya sisi wenyewe.

Mjane mmoja wa mtaa wetu, mwenye miaka zaidi ya 70, aliitwa na mwanawe wa kwanza mwaka 2018. Mwana huyo anakaa katika jimbo la Minnesota, huko Marekani, naye amekwisha kuwa raia wa nchi hiyo. Kitinda mimba, ambaye kwa desturi ya Wachaga ndiye arithiye nyumba ya wazazi, yuko Mwanza kazini, huonekana nyumbani wakati wa Krismasi tu. Basi mama alikuwa akikaa na msichana wa kumpikia, na usiku mmoja alianguka karibu na zizi, akalala hapo hata kulipokucha. Mwana aliposikia habari hiyo hakupata usingizi tena.

Mama akaja kwetu baada ya ibada, akaketi, akasema, "Mwalimu, mwanangu ameniita. Wewe wasemaje?"

Nasi tulijibu upesi, kama wajibuvyo watu waliozoea kufundisha. Tulimkumbusha habari ya Ruthu, jinsi alivyoiacha nchi yake akafuatana na Naomi, asiogope ugeni. Tukamwambia kwamba yeye naye asiogope. Mama akakaa kimya, akiikunja na kuikunjua ncha ya kanga yake. Kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, Ruthu alikuwa kijana. Tena Naomi, aliye mzee kama mimi, alikuwa akirudi kwao."

Tuliona haya. Miaka mingi tumekifundisha kitabu kile, wala hatukuwahi kuona kwamba ndani yake mzee ndiye arudiye nyumbani, na kijana ndiye ahamaye. Tulikuwa tumeligeuza neno lisimame juu chini ili lipatane na shauri letu.

Jioni ile tulifungua tena Maandiko, tukitafuta mzee aliyeitwa ugenini, tukawaona wawili. Wa kwanza ni Barzilai wa Gileadi, aliyemlisha Daudi alipokimbia. Daudi alipomsihi waende pamoja Yerusalemu, akatunzwe katika nyumba ya mfalme, alikataa. Alisema kwamba amekwisha kuwa na miaka 80, utamu wa chakula hausikii tena, wala sauti za waimbaji; aachwe afe katika mji wake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Akamtoa Kimhamu, kijana, aende mahali pake. Wala Daudi hakumkasirikia. Alimbusu na kumbariki. Twaomba vijana wetu walio mbali waisome habari hii, maana wako wanaodhani kwamba mzazi akikataa kuhama amewadharau.

Wa pili ni Yakobo. Yusufu alipompelekea habari, mzee hakusadiki, hata alipoyaona kwa macho yake magari yaliyoletwa kumchukua. Akaenda, lakini alipofika Beer-sheba alisimama kwanza, akatoa sadaka, maana alikuwa na hofu. Alifika Misri mwenye miaka 130, akakaa huko miaka 17, akala mkate wa mwanawe. Na siku zake zilipokaribia kwisha hakuomba dawa wala mali, aliomba kiapo: asizikwe Misri. Yusufu akamwapia, na alipokufa wakamchukua safari ndefu hata pango la Makpela.

Tuliporudi kwa mama na habari hizi mbili, hatukumpa shauri lo lote. Tulimsomea tu. Baada ya siku chache alitupeleka kihambani, mahali alipozikwa mumewe, penye majani ya isale yaliyopandwa pembezoni, akasema, "Nitakwenda, lakini kama Yakobo. Mwanangu aniapie kwanza."

Hapo palikuwa na ugumu. Mwana aliposikia kwa simu alinyamaza, kisha akasema kwamba kumrudisha marehemu kutoka Marekani ni gharama kubwa sana. Watanzania wa huko huchangishana wiki nzima, na pengine fedha hazitoshi. Aliogopa kuapa neno asiloweza kulitimiza. Sisi tulimheshimu kwa hofu ile, maana wako waapao upesi. Mama naye hakupunguza neno lake. Miezi miwili walikaa hivyo, kila mmoja akimpenda mwenzake na kumwudhi. Mwishowe ndugu watatu walipatana kuweka fedha kidogo kidogo kila mwezi kwa kazi hiyo moja, isiguswe kwa haja nyingine. Ndipo mwana alipoapa, nasi tukiwa mashahidi.

Baada ya kiapo zikaja karatasi. Kwa sheria ya Marekani, raia aliyetimiza miaka 21 aweza kuwaombea wazazi wake ukaazi, wala hakuna hesabu ya kila mwaka inayowazuia. Mwenye kibali cha ukaazi tu, asiye raia, hawezi. Tena mwana hutia sahihi hati ya kuahidi kumtunza mzazi, na kuonyesha kwamba mapato yake yatosha. Haya yalikuwa mepesi. Yaliyotuchosha yalikuwa ya hapa kwetu. Mama hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kama wazee wengi wa rika lake, na pasipo hicho ilikuwa shida kupata pasi ya kusafiria. Tuliingia katika sanduku la vitabu vya usharika tukatafuta kitabu cha ubatizo, kilicholiwa na mchwa kwenye kona zake. Jina lake tuliliona, lakini limeandikwa kwa tahajia moja katika ubatizo na nyingine katika ndoa, na miaka yapishana kwa miwili. Twawasihi ninyi wenye wazee nyumbani: chukueni nakala ya cheti cha ubatizo sasa, mpeleke kwa Wakala wa Usajili, RITA, kabla haja haijafika.

Kisha mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, balozi za Marekani zikasimamisha kazi za kawaida za viza, na mama akangoja. Hata zamu yake ilipofika alisafiri zaidi ya kilometa 500 mpaka Dar es Salaam, akapigwa picha ya kifua, akachanjwa, akaulizwa maswali. Aliondoka mwezi wa Oktoba 2022.

Si nchi zote zilizo na mlango kama huo. Uingereza tangu mwaka 2012 humtaka mzazi aonyeshe kwamba hawezi kujifanyia kazi za kila siku kwa uzee au ugonjwa, tena kwamba matunzo hayo hayapatikani kwao hata kwa fedha za mwanawe. Na wanaofaulu ni wachache. Kanada ina viza ya wazazi ya kuzuru, ambayo tangu mwaka 2022 humruhusu mzee kukaa hata miaka 5 mfululizo, ila sharti awe na bima ya matibabu.

Na neno la bima liangaliwe sana. Huko Marekani mhamiaji mzee ambaye hakufanya kazi nchini humo hana budi kukaa miaka 5 mfululizo ndipo apate kujiunga, kwa malipo, na bima ya serikali ya wazee iitwayo Medicare. Kabla ya hapo hutafutiwa bima nyingine, na mwana huyo hulipa kila mwezi fedha ambazo zingetosha kuwalipa wasaidizi kadhaa hapa kijijini. Tena mama alidhani ataishi nusu huku na nusu huko, kumbe mwenye ukaazi akikaa nje ya Marekani zaidi ya mwaka mmoja pasipo ruhusa iliyoombwa mbele, aweza kuupoteza. Jambo hili hakuna aliyemwambia, wala sisi hatukuliuliza.

Je, yu hali gani? Shinikizo la damu limetulia, miguu haivimbi tena, na binti mkwe wake, ambaye si mtu wa kwetu, humwosha mgongo kwa mikono yake mwenyewe. Haya ni makubwa. Lakini mchana kutwa yuko peke yake nyumbani, kwa kuwa wote wako kazini na shuleni. Wajukuu hawajui Kichaga wala Kiswahili. Humkumbatia, kisha hawana la kumwambia. Wakati wa baridi hatoki, maana barafu hulala njiani miezi mingi, na mzee akiteleza ni hatari. Ibada ya Kiswahili ipo mara moja kwa mwezi, mwendo wa saa nzima kwa gari. Tulipomwuliza kama ajuta, alijibu kwamba usiku halali tena karibu na zizi. Hatukujua kama hilo ni jibu la ndiyo au la siyo, wala hatukumwuliza mara ya pili.

Mwezi uliopita alituomba tuende kihambani na simu ya picha, mchana, apate kupaona. Tulikwenda saa tatu asubuhi. Kwake ilikuwa saa sita usiku, naye alikuwa amekaa macho akingoja, amevaa kanga juu ya koti. Tulimwonyesha kaburi na isale, akashukuru. Kisha akatuambia tuisogeze simu upande wa mfereji, akatazama sana. Akasema migomba imesongamana, yahitaji kupunguzwa kabla ya mvua. Tena akauliza ni nani aliyeukata mringaringa uliokuwa pale kwenye mpaka.

Tukamwambia tutauliza.