Swali la 1965 lililofika hadi kesi ya BBI

Unakumbuka BBI? Ile reggae tuliyoambiwa hakuna wa kuizima, kisha majaji wakaizima? Wengi wetu tuliifuata kama mechi: nani kashinda, nani kalia. Lakini hoja iliyotikisa kesi ile ilianzia darasani, tena mbali na Nairobi.

Mwaka 1965, msomi wa sheria kutoka Ujerumani, Dietrich Conrad, alitoa mhadhara katika chuo kikuu cha Banaras, India. Aliuliza swali ambalo hata wewe ungeuliza ukiwa mtaani na mabeshte: kama Bunge lina uwezo wa kubadilisha Katiba, je, linaweza kufuta haki ya kuishi, mradi kura zimetosha?

Hakuwa anatania. Kwao, mwaka 1933, wabunge walipiga kura na kumpa Hitler uwezo wa kutunga sheria bila wao. Ndiyo maana Katiba ya Wajerumani ya 1949 ina mambo ambayo hakuna anayeruhusiwa kuyagusa.

Mawakili wa India walilibeba swali hilo hadi kortini. Mwaka 1973, majaji 7 dhidi ya 6 waliamua kwamba Bunge laweza kurekebisha Katiba, ila si kuvunja muundo wake msingi.

Sasa rudi Kenya. Mwaka 1982 Bunge letu liliongeza kifungu cha 2A kwenye Katiba ya zamani, na nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Kura zilitosha. Kwa hivyo swali la Conrad si geni kwetu.

Kwenye BBI, Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa zilikubali hoja ya muundo msingi mwaka 2021. Maprofesa wa sheria, hata wa kutoka ng'ambo, waliingia kwenye kesi kama marafiki wa mahakama. Kisha Machi 31, 2022, Mahakama ya Juu ikasema hoja hiyo haitumiki hapa. BBI iliangushwa na jambo lingine: Rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia ambayo Katiba imewaachia wananchi.

Wengi walishangilia wakaenda zao. Ngoja kidogo. Maana ya uamuzi huo ni kwamba hakuna kifungu cha Katiba yetu kisichoweza kubadilishwa. Kinga tuliyobaki nayo ni utaratibu, ulioko vifungu vya 255 hadi 257. Ukitaka kugusa muhula wa Rais au haki zetu za msingi, lazima kuwe na kura ya maamuzi.

Inasikika poa, si ndiyo? Soma tena kifungu cha 255. Kura hiyo inahesabika ikiwa angalau asilimia 20 ya wapigakura waliosajiliwa wamejitokeza katika angalau nusu ya kaunti. Halafu wanaosema ndiyo wazidi nusu ya waliopiga. Yaani kati ya kaunti 47, zikipatikana 24 ambako mmoja kati ya watano amepanga foleni, imetosha. Wanne wanaweza kulala.

Hukumu za BBI ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Ni ndefu, lakini bando unayo, na hazihitaji digrii. Mimi mwenyewe sina. Anza na vifungu hivyo vitatu. Kisha jiulize: siku hiyo ikifika, utakuwa yule mmoja au wale wanne?